Siku ya tano: mrija utolewe au uachwe?

Katika dialisisi ya tumbo, maji huingizwa na kutolewa tumboni kwa mrija ili kusafisha damu badala ya figo. Mgonjwa huweka mfuko wa maji yaliyotoka tumboni juu ya gazeti. Herufi zikisomeka, hana wasiwasi. Zikififia, ni dharura: huenda tumbo limeingiwa na maambukizi. Maabara huthibitisha: chembe nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, zaidi ya nusu zikiwa nyutrofili, aina ya chembe zinazopambana na bakteria. Dawa huanza papo hapo, bila kungoja majibu ya kuotesha bakteria, na mara nyingi huchanganywa kwenye maji yenyewe ya dialisisi.

Ubishi huanza siku ya tano ya dawa, maji yakiwa bado na ukungu. Kanuni ya miaka mingi ilikuwa wazi: siku tano za dawa sahihi zisipoyang'arisha maji, mrija utoke. Wanaoitetea wana hoja nzito. Bakteria hujijengea utando wao juu ya mrija, na humo dawa hupenya kwa shida. Kila siku ya kusubiri inaweza kuacha makovu kwenye utando wa tumbo, ule ule unaochuja damu. Ukiharibika, hata mrija mpya haufui dafu. Na wapo waliopoteza maisha kwa kuokoa kipande cha mpira.

Lakini kuutoa nako si kung'oa jino. Ni upasuaji, kisha mgonjwa anahamia kwenye mashine ya kusafisha damu, pengine kwa mrija wa shingoni ambao nao hupitisha bakteria moja kwa moja hadi kwenye damu. Wengi hawarudi tena kwenye dialisisi ya tumbo. Ndiyo maana mwongozo wa ISPD, jumuiya ya kimataifa ya dialisisi hii, wa mwaka 2022 ulilegeza kamba: chembe nyeupe zikiwa zinashuka, inaruhusiwa kusubiri zaidi.

Mimi naegemea huku. Kushuka kutoka 4,000 hadi 600 si sawa na kushuka hadi 3,500, ingawa kwa macho mifuko yote miwili ina ukungu. Ila hoja hii inataka maabara inayohesabu chembe siku hiyo hiyo. Majibu yakichukua siku mbili, kanuni kongwe ndiyo salama.

Kwa fangasi hakuna mjadala: mrija utoke upesi. Na bakteria yule yule akirejea ndani ya wiki nne baada ya dawa kuisha, kambi zote mbili humshuku mrija. Maji yakishang'aa, unaweza kubadilishwa kwa upasuaji mmoja, bila kupitia mashine.