Mvuke wa Olkaria na boda ya Kayole

Saa nane usiku Nairobi imelala, lakini visima vya mvuke wa kuzalisha umeme vya Olkaria, karibu na Naivasha, havilali. Mvuke unazidi kupanda, na kwa kuwa watumiaji wa umeme saa hizo ni wachache, sehemu yake huachiliwa ukapotelea hewani. Saa chache kabla, kila nyumba ikiwa imewasha taa na televisheni, mitambo ya mafuta ya Pwani ilikuwa ikinguruma kuziba pengo. Magari ya umeme yanaweza kupunguza tofauti hiyo, ila tuulize faida itamfikia nani.

Tangu Aprili 2023 Kenya ina bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida, na 8 usiku kuanzia saa nne. Basi likijaza uniti 100 usiku linalipa 800 badala ya 1,600, kabla ya kodi na tozo. Kwa usiku 25 mwenye basi ameokoa shilingi 20,000, na mvuke uliokuwa ukipotea umepata mnunuzi. Hapo sioni aliyeumia.

Wapo wanaotaka zaidi: jioni gari lirudishe umeme kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme. Huko Denmark, vani za Nissan za Frederiksberg zilianza mwaka 2016 kulipwa kwa kusaidia gridi isiyumbe. Hoja yao ina uzito kwetu tunaokumbuka Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Lakini tupige hesabu. Ukiweka uniti 100 kwenye betri kisha ukazitoa, zitakazofika ni kama 85. Hata zikinunuliwa kwa shilingi 16, bei ambayo siitarajii, utapata 1,360; ukitoa 800 za kuchaji usiku unabaki na 560, na humo utoe uchakavu wa betri na gharama ya chaja ya pande mbili, inayojaza betri na pia kurudisha umeme. Lakini kusitisha kuchaji kwa dakika chache gridi inapoelemewa hakuchakazi chochote: magari 10,000 yanayochaji kwa kilowati 7 yakitulia pamoja, gridi imepumua kwa megawati 70.

Sasa mtazame mwendesha boda ya umeme wa Kayole, mtaa wa Nairobi. Anarudi saa mbili usiku, anapandisha betri hadi ghorofa ya tatu, anaichomeka kando ya televisheni. Mita yake ya tokeni haijui saa. Uniti ya saa mbili na ya saa nane ni bei moja. Kwa nini asubiri? Anachaji gridi ikiwa imeelemewa kabisa, na si kosa lake. Bei nafuu inataka mita ya pekee, jambo jepesi kwa yadi ya mabasi, gumu kwa mpangaji.

Ni kweli kubadilisha mita kuna gharama, na mtaa mzima ukichomeka saa nne kamili transfoma itaungua, kwa hiyo lazima kuchaji kupangwe kwa zamu. Hata hivyo, fedha zingekuwa mikononi mwangu, ningefunga mita zinazosoma saa huko Kayole kabla ya kununua chaja hata moja ya pande mbili.