Koti la Baharini Haliuawi na Mawimbi

Anayetafuta koti la kuvaa akiwa chomboni huanza na jina la kampuni, kisha hutazama ile namba kwenye lebo: milimita 10,000, milimita 20,000. Namba hiyo ni kina cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Milimita 10,000 ni mita 10 za maji, na hakuna rasharasha la wimbi linalokandamiza bega kiasi hicho. Inayohitaji namba kubwa ni suruali, maana unaikalia na kuipigia magoti kwenye mbao zilizolowa. Kwa koti la kutumika kati ya Lamu na Mtwara, naona jina na namba havina uzito kama umri wa koti, mkato wake, na mahali litakapotundikwa.

Tuanze na suala la koti kupumua, yaani kuruhusu mvuke wa jasho utoke, kwa kuwa ndilo linalopandisha bei. Utando wa aina ya Gore-Tex, ngozi nyembamba ndani ya kitambaa inayozuia maji na kupitisha mvuke, ulioanza kuuzwa Marekani miaka ya 1970, hausukumi jasho. Mvuke hutoka wenyewe, na hutoka tu pale ndani kunapokuwa na joto na unyevu zaidi kuliko nje. Kwenye baridi ya Norwe tofauti hiyo ni kubwa. Masika yakikaza hapa pwani, hewa ya nje ina joto na imejaa maji, kwa hiyo mvuke hauna pa kukimbilia. Utaloa jasho na kudhani koti linavuja. Afadhali koti lenye zipu za kupitisha hewa kwapani, au lile linalofunguka kirahisi upepo ukiwa wa tezi, yaani ukivuma kutoka nyuma ya chombo.

Pesa iende kwenye mikono na kola. Unapoinua mkono kuvuta henza, kamba ya kupandishia tanga, maji hutiririka kutoka kiganjani hadi kwapani, na koti zima linakuwa limekwisha kazi. Tafuta mkono wenye vifungo viwili: wa ndani wa mpira laini unaobana kifundo, wa nje wa velkro. Kofia igeuke pamoja na kichwa. Ukitazama tanga na kofia ikabaki inatazama omo, mbele ya chombo, umefumbwa jicho moja. Meno ya zipu yawe ya plastiki. Ya chuma huota kutu na kugandana. Rangi iwe ya machungwa au njano kali, kwa sababu mtu aliyeanguka majini na koti la buluu haonekani. Na unapolijaribu, vaa jaketi okozi, lile la kukuelesha majini, juu yake. Lile la kujijaza hewa likivaliwa chini ya koti hukosa nafasi ya kutanuka, likambana mtu kifua.

Makoti mengi mazuri hutufikia kwa mitumba, na hapo kwenye masoko ya Kongowea, Mombasa, au Karume, Dar es Salaam, ndipo watu hupigwa. Nje koti linang'aa, ndani limeoza. Mpako wa poliyurethani, ile plastiki nyembamba ya ndani inayozuia maji, huvunjwa na unyevu na joto hata kama koti halijavaliwa, basi koti lililokaa miaka kabatini linaweza kuwa limekufa kabla ya kushushwa bandarini. Ligeuze ndani nje. Nusa: mpako uliooza hutoa harufu kali ya matapishi. Sugua kitambaa kati ya vidole viwili; ukiona unga mweupe au ukihisi kunata, rudisha. Pitisha ukucha kwenye tepe zinazoziba mishono, hasa begani na shingoni, maana hapo ndipo zinapobanduka kwanza kwa jasho na mafuta ya kujipaka. Muuzaji akikubali, kunja sehemu ya mgongo iwe bakuli, mimina kikombe cha maji, subiri dakika 10, kisha papasa upande wa pili. Kama bitana ya wavu inakuzuia kuuona mpako, tazama kwenye mfuko wa ndani au chini ya kofia.

Likishindwa majaribio hayo, nunua koti zito la PVC, plastiki nene, la wavuvi. Halipumui kabisa na ni zito, lakini halidanganyi, na bei yake ni ya kawaida.

Adui mkubwa ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35, na chumvi hunyonya maji kutoka hewani unyevu unapopita asilimia 75, kiwango cha kawaida pwani. Ndiyo maana koti lililoanikwa bila kusuuzwa halikauki kabisa, na unyevu ule ndio unaokula mpako. Kila ukirudi, limwagie maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, na usisahau kichwa cha zipu na kunjo za velkro. Lining'inize kivulini kwenye hanga nene. Usilikunje likiwa bichi, wala usiliache kwenye buti la gari.

Kulifua, funga zipu na velkro zote, tumia sabuni ya maji kidogo kwenye maji ya nyuzi 30, suuza mara mbili. Jiki ni marufuku. Dawa ya kulainisha nguo nayo vilevile, kwani huacha utelezi unaovuta maji. Matone yakiacha kuviringika na kitambaa cha nje kikawa cheusi kwa maji, koti halijatoboka. Ile dawa ya kukataa maji iliyopakwa kwenye kitambaa cha nje ndiyo imelala. Lebo ikiruhusu, piga pasi ya joto dogo juu ya kitambaa kikavu, dawa huamka. Ikigoma, pulizia mpya kwa nje. Ile ya kuchanganya na maji ya kufulia hupaka bitana pia, na bitana ikikataa maji jasho hubaki mwilini.

Tundu usimpelekee fundi cherehani, kila shimo la sindano ni mlango. Safisha kwa spiriti, kata kiraka chenye pembe za mviringo kinachozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, bandika na uache usiku kucha. Kwa PVC tumia gundi ya maboti ya PVC ya kujaza hewa. Mpako uliobanduka eneo kubwa hauna dawa. Chomoa vichwa vya zipu na velkro uviweke kwa ajili ya koti linalofuata.