Nyumba za Mawe za Pwani: Turithi Umbo au Malighafi?

Kila unapozuka mjadala kuhusu ujenzi unaopatana na mazingira katika pwani ya Afrika Mashariki, nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazikosi kutajwa kuwa kielelezo, na wanaozitaja wana sababu nzuri. Kuta zake nene za mawe na chokaa huchelewesha joto la mchana lisiingie ndani, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi katikati ya nyumba, hutoa hewa ya moto na kuingiza mwanga, na vichochoro vyembamba hutiliwa kivuli na nyumba zenyewe. Huko Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ili moshi na joto visipite vyumbani. Hata upana wa chumba uliamuliwa na mikoko, kwa kuwa boriti iliyobeba dari kwa kawaida haikuzidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba.

Hata hivyo, sifa hizo husimuliwa mara nyingi bila kutaja gharama yake. Chokaa ilipatikana kwa kupanga tanuu la magogo, kurundika mawe ya matumbawe juu yake na kuyachoma mpaka yalainike, kazi iliyokula kuni nyingi. Mawe ya ukuta yalichimbwa nchi kavu, lakini yale ya kuchongea mihirabu na zidaka (vishubaka vya ukutani) yalikatwa baharini yangali mabichi na laini, kutoka kwa matumbawe ya aina ya porites, ambayo hukua takribani sentimita 1 tu kwa mwaka. Mikoko nayo, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo, ilijenga pwani yetu na kusafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, hata Kenya ikapiga marufuku usafirishaji huo nje ya nchi mwaka 1982. Mji mdogo wa wafanyabiashara uliweza kujengwa hivyo. Mombasa na Dar es Salaam za leo zikijaribu, hapatabaki mwamba wala mkoko.

Upande wa pili wako wanaotetea bloku, saruji na mabati, nao hawastahili kubezwa. Bloku hupatikana kila mtaa, fundi wake yupo, na familia inaweza kujenga chumba kimoja mwaka huu na kingine fedha zikipatikana. Ni kweli kwamba viwanda vya saruji hutoa takribani asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, lakini hoja hiyo haimsaidii mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi. Saruji inapokosewa waziwazi ni katika ukarabati: ukuta wa chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya muda plasta hubambuka ikiondoka na vipande vya ukuta wa zamani.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishana zaidi kuhusu malighafi kuliko inavyostahili. Nyumba ya bloku haichemki kwa sababu ya bloku pekee. Huchemka kwa sababu paa la bati liko karibu mno na vichwa bila dari, madirisha hayakabiliani, na hakuna baraza wala mti wa kuzuia jua la alasiri. Kwa upande mwingine, ukuta mnene nao hurudisha usiku joto uliloliweka mchana, na katika hewa yenye unyevunyevu kama yetu, upepo unaopita humfaa mlalaji kuliko unene wa jiwe.

Ugumu uliobaki ni wa ardhi. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 anaweza kuelekeza madirisha yake kwenye kaskazi na kusi, lakini hawezi peke yake kutengeneza kichochoro chenye kivuli, na jirani akijenga ghorofa mpakani upepo wote umekwisha. Jambo hilo ni la wapimaji viwanja na ofisi za mipango miji kabla halijawa la msanifu.