Mapipa ya Edgar Sengier: Aliona Mbali, au Alikuwa Akitunza Mali ya Kampuni?

Mwishoni mwa 1940, mapipa ya chuma zaidi ya 2,000 yaliingia kwenye ghala moja la Port Richmond, Staten Island, New York. Ndani yake mlikuwa na takriban tani 1,200 za mbale (mawe yenye madini) za urani kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, Kongo. Yalikaa pale karibu miaka miwili. Aliyeyapeleka ni Edgar Sengier, mhandisi wa madini aliyezaliwa Kortrijk mwaka 1879, wakati huo mkuu wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba madini ya Katanga.

Heshima yake yote inasimama juu ya mapipa hayo. Tarehe 18 Septemba 1942, Luteni Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani, aliyekuwa kwenye mradi wa bomu la atomiki, alifika ofisini kwake New York, na chini ya saa moja wakawa wameelewana juu ya kuuziana urani kwa sentensi chache zilizoandikwa kwenye karatasi ya njano. Mwaka 1946 Marekani ikamvisha nishani ya Medal for Merit.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Mei 1939, mwanasayansi Mwingereza Henry Tizard mjini London alimwonya kwamba mawe yake yanaweza kuzaa silaha ya kutisha. Hiyo ni kabla ya barua maarufu ya Einstein ya Agosti mwaka ule, iliyomweleza Rais Roosevelt kuwa chanzo kikuu cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Sengier alisafirisha shehena bila mkataba wala mnunuzi, na mapema 1942 alipoieleza Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hakuna aliyeshtuka.

Ubora wa mbale zile ndio unaoonyesha uzito wa uamuzi wake. Zilikuwa na oksidi ya urani asilimia 65 hivi. Baada ya vita, wanunuzi wa Marekani walihesabu asilimia 0.3 kuwa bahati. Piga hesabu: tani moja ya mbale za Shinkolobwe inatoa kilo 650 za oksidi, ile nyingine kilo 3. Kupata kilichokuwa katika tani moja ya Sengier ungelazimika kuchimba, kusaga na kuchenjua zaidi ya tani 200 kwingineko. Hata hivyo, katika kilo 650 hizo urani yenyewe ni kama 550, na aina ya 235 inayofaa kwa bomu haifiki kilo 4.

Upande wa pili unaanzia Olen, Ubelgiji, kwenye kiwanda cha kampuni. Onyo la Tizard lilihusu hata akiba ya huko. Radiamu, metali ya mionzi iliyokuwa ghali sana, gramu 120 hivi, iliondolewa kwenda Uingereza na Marekani. Urani ikabaki, na Wajerumani walipoingia 1940 wakaichukua. Aprili 1945 wapelelezi wa Marekani walikuta takriban tani 1,100 za madini ya urani Stassfurt, Ujerumani, sehemu kubwa ikiwa imetoka Ubelgiji. Utetezi unasema Sengier aliagiza vyote viondolewe na vita vikawahi. Huenda. Ila kilichotangulia kupanda meli ni kile chenye bei sokoni, na hapo ndipo ninapomwona mfanyabiashara kabla ya shujaa.

Mkataba nao unaelekea huko huko. Marekani ilinunua urani tu. Radiamu iliyobaki kwenye mabaki iliendelea kuwa mali ya African Metals, tawi la kibiashara la kampuni. Ndiyo maana mabaki hayo, yaitwayo K-65, hayakutupwa bali yalitunzwa, na baadaye yakawa mzigo mzito wa mionzi Lewiston, New York, na Fernald, Ohio.

Kwa anayetaka kusoma nyaraka zenyewe, za kampuni ziko Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, Brussels, na upande wa Marekani ipo historia rasmi ya mradi wa bomu, ambayo kitabu chake cha saba kinahusu malighafi. Makosa hujirudia katika kuzisoma. La kwanza ni tani: ya Kimarekani ni kilo 907, ya Kiingereza 1,016, na ya metriki 1,000. Kwenye shehena ya 1,200, tofauti kati ya mbili za kwanza ni zaidi ya kilo 130,000. Pili, hakikisha safu inahesabu mbale, oksidi au urani, maana kuchanganya hivyo vitatu kunaharibu hesabu yote. Tatu, neno urani lilifichwa. Ukikosa chochote kwenye faharasa, tafuta tuballoy, jina la siri la wakati wa vita.

Pengo kubwa zaidi haliponi kwa mbinu hizo. Barua za mkurugenzi zinajaa wakurugenzi wenzake na makanali. Mawe yale yalichambuliwa kwa mikono, yenye rangi nyeusi na uzito yakitengwa na mengine, na wachambuaji wakivuta vumbi lake. Desemba 1941, mapipa yakiwa tayari Staten Island, wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo waligoma Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mishahara inayolingana na bei za vita. Tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira, na makumi wakafa, akiwemo msemaji wao Léonard Mpoyi. Sengier alikuwa New York, na sitamtwika amri ya risasi. Lakini mshahara uliogomewa ulikuwa wa kampuni aliyoiongoza.

Kwa hiyo anayepima kazi yake kwa barua za Brussels na Washington peke yake anapima nusu. Majalada ya wafanyakazi yalibaki Lubumbashi, chini ya Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo iliyorithi migodi, na humo ndimo kuna majina, vijiji vya kuzaliwa na posho.