California Zephyr haikuwa na haraka

Wanaosema treni za masafa marefu za Marekani ziliuawa na ndege, huwa nawauliza: na California Zephyr je?

Treni hii ilianza Machi 1949, Chicago hadi Oakland, California, kwa ushirika wa kampuni tatu za reli: Burlington, Rio Grande na Western Pacific. Kulikuwa tayari na treni nyingine, City of San Francisco, iliyokuwa na kasi zaidi. Zephyr haikujisumbua kushindana nayo. Ratiba ilipangwa abiria walale Nebraska, ambako hakuna cha kutazama (wa Nebraska wanisamehe), waamke karibu na Denver, kisha wapande Milima ya Rocky mchana kutwa. Nevada ikapitwa usiku, na kulipokucha wakawa kwenye korongo la Mto Feather, California.

Kilichouzwa ni dirisha. Mwaka 1944, Cyrus Osborn, bosi wa kitengo cha vichwa vya treni cha General Motors, alipanda kichwa cha treni kupita korongo la Glenwood, Colorado, akaona dereva anafaidi mandhari kuliko abiria aliyelipa nauli. Ndipo likabuniwa behewa lenye kuba la kioo kwenye paa, na Zephyr ikafungwa mabehewa matano ya namna hiyo. Alikuwemo pia mhudumu wa kike, Zephyrette, aliyetangaza kwenye kipaza sauti mnakaribia wapi, akapanga zamu za chakula cha jioni na kutoa huduma ya kwanza.

Ilifutwa Machi 1970, ingawa kiangazi bado ilibeba watu wengi. Mishahara na matengenezo vilipanda, safari ndefu vile ilidai seti sita za mabehewa, na Western Pacific ilikuwa imechoka kulia hasara. Rio Grande iliendelea peke yake na kipande cha milimani, ikakataa kukikabidhi kwa Amtrak, shirika la kitaifa la treni za abiria, hadi 1983, na hapo ndipo Amtrak ikalifufua jina la zamani.

Leo watu huilaumu kwa kwenda polepole. Mimi naona tatizo ni kuchelewa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Reli ni mali ya Union Pacific na BNSF, kampuni za treni za mizigo. Sheria inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele, lakini treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya kupishania, nani atasogea pembeni? Ikichelewa kwa muda wa saa nane, abiria anapita Glenwood gizani. Sasa huyo kalipia nini?