Katowice wana karatasi, Tanga tuna kanda

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba Katowice, mji wa makaa ya mawe na chuma kusini mwa Poland, ulimlea mtunzi wa simfoni, yaani tungo ndefu za okestra, aliyeuza rekodi zaidi ya milioni moja, atadhani Wazungu wana vipaji tusivyonavyo. Sikubaliani. Tofauti ni karatasi za nota na mshahara wa wapigaji.

Mtunzi mwenyewe ni Henryk Górecki. Alizaliwa 1933 katika kijiji cha Czernica; mama yake alifariki siku mtoto alipotimiza miaka miwili. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, akaingia chuo cha muziki cha Katowice 1955, na miaka ishirini baadaye akawa mkuu wa chuo hichohicho. Mwaka 1979 alijiuzulu kwa sababu serikali ilikataa Papa Yohane Paulo II asifike Katowice. Hakuhitaji kuhamia Paris ili atambulike.

Simfoni yake ya Tatu, ya 1976, ina sehemu tatu, zote za polepole, na soprano mmoja, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, mbele ya okestra isiyo na obo wala tarumbeta. Soprano anaimba ombolezo la Bikira Maria la karne ya 15, kisha sala ambayo msichana wa miaka 18 aliichora kwenye ukuta wa seli ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huko Zakopane mwaka 1944, kisha wimbo wa kienyeji wa mama anayemtafuta mwanawe aliyeuawa. Ilipopigwa mara ya kwanza Royan, Ufaransa, 1977, wahakiki waliiponda. Iliyouza ni rekodi ya soprano Dawn Upshaw na okestra ya London Sinfonietta, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Inaanza na dabo besi, ala ileile ya taarab ya Unguja, chini kabisa na kwa sauti ndogo. Spika ya simu haitoi sauti nzito kiasi hicho, utadhani faili ni bovu. Vaa hedifoni, na usiongeze sauti hata ukishawishika: nyuzi nyingine zinaingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule, kila kundi juu ya lililotangulia, na ukiwa umefungulia mpaka mwisho utaumia masikio.

Kwaya za Kikatoliki zijaribu wimbo wake Totus Tuus wa 1987: Kilatini, sauti nne, bila kinanda. Kwenye karatasi inaonekana nyepesi. Ugumu uko kwenye pumzi, maana wote wakipumua kwenye mkato mmoja wimbo unakatika. Wapeane zamu, jirani asipumue pamoja na jirani. Tatizo la pili ni kushuka. Mwendo wa taratibu na sauti ndogo huwalegeza besi, wengine wanawafuata, na kufika mwisho mmeshuka nusu toni bila kujua. Kwenye mazoezi mwalimu agonge noti moja ya kinanda kila baada ya ukurasa, ajue wameanzia wapi kuteleza. Nota zinunuliwe, kwani Górecki alifariki 2010 na huku Ulaya haki zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2080.

Sasa Tanga. Nao ni mji wa kazi: mkonge, reli, saruji, bandari. Umetoa Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na Black Star ya taarab, na ukiniuliza mimi, wapiga magitaa wale hawakuwa na deni kwa mtu yeyote wa Ulaya. Lakini kazi yao imebaki kwenye santuri na kanda za redio. Kanda hukupa upigaji wa siku moja tu. Anayetaka kuurudia wimbo lazima achambue kila ala kwa sikio, na gitaa la besi na la ridhimu mara nyingi yamefunikwa na solo na saksafoni.

Katowice, okestra ya redio ilisimamishwa upya 1945, vita ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, kwa wapigaji wa kuajiriwa. Kazi za Górecki zina karatasi ya kila ala, kwa hiyo mtu wa London au Tokyo anazipiga bila kumuuliza yeyote. Mwaka 2014 okestra hiyo ilifunguliwa ukumbi wa watu 1,800 juu ya kiwanja cha mgodi uliofungwa.

Si kwamba nimependa kila kitu. Ukumbini watu wamekaa kimya kama wako matangani. Kutunza hakuna, na ukipiga makofi kati ya sehemu na sehemu utageukiwa na safu nzima. Katika hilo Tanga imewazidi mbali.

Kinachotakiwa hakihitaji ukumbi. Chuo cha muziki cha DCMA pale Mji Mkongwe kimekuwa kikifundisha nota na taarab tangu 2002, na kutoka Unguja mpaka Tanga si mbali. Mwandishi wa nota akae na mzee aliyeupiga wimbo, akiwa na gitaa mkononi, na wote walipwe. Waanze na besi na ridhimu, maana solo kanda inaitoa vizuri. Zile mbili, mzee akiondoka, hakuna wa kuuliza.