Cyrus Bustill hakuwa mwokaji mikate tu

Makala moja niliyoisoma inamtaja Cyrus Bustill, mmoja wa mababu wa Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani, kama mwokaji mikate tu, na hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Alizaliwa mtumwa mwaka 1732 huko Burlington, New Jersey, mama yake akiwa mtumwa na baba yake mwanasheria mzungu. Akajifunza kuoka kwa bwana mmoja wa dhehebu la Kikristo la Quaker, akapata uhuru wake, na wakati wa vita vya ukombozi wa Marekani mikate yake ikaliwa na wanajeshi. Uzeeni, akiwa Philadelphia, aliliacha tanuri akawafundisha watoto weusi nyumbani kwake. Mtu aliyezoea kudamka kukanda unga, sidhani kama alimvumilia mwanafunzi mchelewaji!